Anti alienda Krismasi hajarudi, sasa ndoa yetu imebaki uchi

Baba Wawili wa Zimma (mwanzilishi wa uzi)
Jumamosi, saa 4:10 usiku

Wadau, salamu. Miaka yote nimekuwa msomaji wa kimya hapa. Leo nimefungua uzi kwa sababu hili jambo nikikaa nalo nitapasuka.

Tunaishi Zimmerman (Zimma) hapa Nairobi, ghorofa ya nne, mimi, mke wangu na watoto wawili, mmoja wa gredi ya pili na mwingine wa miaka mitatu. Sote wawili tuna kazi mjini. Kodi tunagawana, karo tunagawana, stima anayeona mita imebaki kidogo ndiye anayenunua tokeni. Kwa marafiki zetu sisi ndio tulikuwa mfano. Kuna harusi moja Ruiru niliinuka na kipaza sauti nikawaambia maharusi kwamba nyumbani kwangu hakuna kazi ya mume wala ya mke. Makofi yakapigwa. Mjomba mmoja akanitazama kwa huruma, nikamwona mshamba.

Tarehe 21 Desemba anti wetu wa kazi alienda kwao Bungoma kwa sikukuu. Leo ni tarehe 10 Januari, shule zimefunguliwa, na anti hajaonekana.

Wiki hii ya kwanza ya shule sikuona tofauti kubwa. Niliamka, nikakuta chai mezani, shati limepigwa pasi, mtoto mkubwa ameshapanda gari la shule la saa 12:10, mdogo amepelekwa kwa jirani anayelea watoto. Nikasema moyoni, kumbe tunaweza bila anti! Hiyo "tunaweza" ndiyo iliyoniponza.

Alhamisi niliamka saa sita usiku nikasikia harufu ya maziwa. Nikatoka. Mke wangu amelala ameketi kwenye kigoda jikoni, kichwa kimeegemea ukuta. Sufuria imefurika, moto wa meko umezimwa na maziwa, gesi inavuma tu. Nilifunga mtungi, nikafungua dirisha, nikamwamsha. Halafu nikatoa lile neno ambalo nadhani wanaume wote wa Nairobi wameshalitoa: "Si ungeniambia nikusaidie?"

Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kwani anti ulikuwa unamwambia?"

Nikasema ndiyo, alikuwa anaambiwa. Akauliza, "Na nani?"

Hapo nikakwama. Anti alikuwa anaambiwa na mke wangu, kila siku, kwa simu kutoka ofisini. Maharagwe yalowekwe, sweta ya shule ikikauka ianuliwe, mtoto ana kikohozi asipewe maji baridi. Miaka sita. Akaniambia, "Mpigie basi umuulize atarudi lini." Wadau, namba ya anti sina. Nina namba ya mwenye buchari, ya fundi wa televisheni, ya keyateka anayeangalia jengo, hata ya jamaa wa boda aliyenibeba mara moja 2022. Ya mtu aliyelala sebuleni kwangu miaka sita sina.

Jana nilikaa nikaandika kwenye karatasi kila kitu ambacho anti alikuwa anafanya, nikaibandika kwenye friji. Nilifika kazi ya 43 nikaacha, na sikuwa nimefika kwenye nguo. Maji yetu hapa huja Jumanne na Ijumaa, saa tisa usiku. Nani alikuwa anaamka kujaza mapipa? Mimi nilidhani yanajaa.

Swali langu: tugawane vipi? Na je, kuna mwingine aliyegundua kwamba ule usawa wake wote ulikuwa umebebwa na mtu wa tatu?

Jogoo la Shamba
Saa 4:22

Kaka umekaliwa chapati, mke ndiye anayekutawala. Tafuta anti mwingine, maisha yaendelee. Uzi ufungwe.

Muuguzi wa Usiku
Saa 4:40

Jogoo, huyo anti mwingine nani atamtafuta? Nani atauliza kanisani, nani atapiga simu kwa shangazi wa ocha, kule kijijini, nani atakaa naye wiki nzima akimfundisha mtoto anakula nini na hali nini? Hebu jibu kwa ukweli.

Mimi ni muuguzi, natoka zamu saa moja na nusu asubuhi, nafika Kayole saa tatu. Mume wangu si mbaya. Hupika. Hupika vizuri kuliko mimi, hasa matumbo. Lakini kabla apike ni lazima aulize chumvi iko wapi, nyanya ziko ngapi, mchele ni huu au ule. Ananiamsha kuuliza, kisha anamwambia mama yake alinipikia nikiwa nimelala.

Shirika la takwimu la taifa, KNBS, lilifanya utafiti wa matumizi ya muda mwaka 2021. Mwanamke Mkenya hutumia karibu mara tano ya muda ambao mwanamume hutumia kwa kazi za nyumbani na ulezi zisizolipwa. Kwa siku ni kama saa nne na nusu, na mwanamume hata saa moja haifiki. Nilipomsomea mume wangu aliuliza kama ile saa ya kutazama taarifa ya habari akiwa na mtoto mapajani inahesabiwa.

Mzee wa Thingira
Saa 5:15

Vijana, mimi nina miaka 67, niko Kahawa West tangu 1989. Mnaniruhusu nizungumze kidogo.

Mnapenda kusema mila zetu zilimkandamiza mwanamke. Kuna ukweli. Lakini mnasahau kwamba mwanamume naye alikuwa na kazi. Kwetu Murang'a baba yangu alikata miti, alijenga nyumba akaezeka, alifyeka msitu, alizungushia boma ua, alichinja, alilala na sikio moja wazi. Mama alipika, alilima, alichota maji, alibeba kuni. Kila mtu alichoka.

Sasa njooni Nairobi. Nyumba imejengwa na landilodi. Paa likivuja ni keyateka. Usalama ni askari wa geti. Ng'ombe hakuna, ua hakuna, msitu hakuna. Kazi za mwanamume zilibaki ocha. Za mwanamke zote zilipanda basi zikaja naye: kupika, kufua, maji, mtoto. Tena kuna kodi, kwa hiyo akaongezewa kazi ya ofisi. Mwanamume akabaki na heshima ya ile kazi bila kazi yenyewe.

Ngoja niwape jingine. Babu yangu alikuwa mpishi wa mzungu kule Muthaiga kabla ya Uhuru. Enzi hizo kazi za ndani Nairobi zilikuwa za wanaume zaidi: boi, mpishi, dobi. Babu alioka mikate, alipiga pasi mashati yenye ukosi mgumu, alijua kutandika kitanda mpaka shuka halina kunyanzi. Akirudi Murang'a mwisho wa mwezi hakugusa hata kijiko, na bibi alimpelekea chakula thingira, ile nyumba ya mwanamume. Mkono ulikuwa ule ule. Kwa hiyo msiniambie mwanamume hajaumbwa kuosha sahani. Kwa mshahara aliosha.

Binti Shela
Saa 5:31

Mzee, shikamoo. Umenichekesha na umenipa huzuni.

Kwetu pwani mambo ni hayo hayo, ila na iliki. Harusini ni wanaume watapika biriani, sufuria za kukaa mtu ndani, moto wa kuni, jasho, na watu mia nne watakula na kumsifu mpishi. Asubuhi yake mwambie huyo huyo amchemshie mtoto uji. Atakutazama kana kwamba umemtusi nasaba.

Na wasiniletee dini. Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Viatu vyake alishona mwenyewe. Wanaume wa mtaa wetu South C hadithi za wake wanne wanazo kichwani zote. Hii ya kushona viatu sijawahi kuisikia ikisomwa kwa sauti.

Jogoo la Shamba
Saa 5:38

Biblia inasema mume ni kichwa.

Muuguzi wa Usiku
Saa 5:40

Kichwa kinachouliza chumvi iko wapi.

Wakili wa Ngazi
Jumapili, saa 1:05 asubuhi

Nimesoma uzi wote nikinywa chai, ambayo nimeipika mwenyewe, asanteni.

Mwanzilishi, kwanza habari mbaya: anti hajachelewa. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye malipo, baada ya miezi kumi na miwili ya kazi. Hesabu kuanzia tarehe 22 Desemba, ruka Jumapili zako, ruka Krismasi na kesho yake, ruka mwaka mpya. Unafika karibu tarehe 17 Januari. Kama miaka sita hujawahi kumpa likizo kamili, huyo mama yuko ndani ya haki yake, tena bado anakudai. Sheria hiyo hiyo inampa siku moja ya kupumzika katika kila saba. Alikuwa anaipata?

Pili, mnalipa ngapi? Usinijibu kama unaona haya.

Tatu, kuhusu mke. Watu hudhani kuosha vyombo ni mambo ya mapenzi tu. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshikilia kwamba kazi za nyumbani za mke hazimpi fungu katika mali. Katiba ya 2010 ikaja, kifungu cha 45 kikasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa na wakiachana. Halafu Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ikaandika wazi kwamba mchango si pesa pekee: kutunza nyumba, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, vyote ni mchango. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema kugawana nusu kwa nusu hakuji kwenyewe, kila mmoja aonyeshe alichochangia. Sasa niambie, mke wako akitakiwa kuonyesha, ile karatasi ya friji si ushahidi? Usiibandue.

Baba Wawili wa Zimma
Saa 1:30

Wakili, tunalipa 11,000. Analala kwetu, anakula kwetu.

Wakili wa Ngazi
Saa 1:34

Kima cha chini cha mshahara hapa Nairobi kilichowekwa Novemba 2024 ni 16,113.75 kwa mwezi. Yaya na mtumishi wa nyumbani wako kwenye kundi moja na mfagizi, mtunza bustani, tarishi na mlinzi wa mchana. Sebule yako si sehemu ya mshahara.

Shosho Mdogo
Saa 2:12

Aki 11,000 na kazi 43. Mimi kwa pesa hiyo sifungui hata mlango.

Wanawake wenzangu nao tuseme ukweli. Sisi ndio hukaa kwenye chama tukilia mabwana hawatusaidii, kisha tunarudi nyumbani kumgombeza anti kwa sababu ugali una mabonge. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Kijana wangu ana miaka kumi na minne, hajui kuosha soksi, na si baba yake aliyemzuia, ni mimi. Kila akishika karai namwambia "acha, utamaliza sabuni." Halafu nashangaa akina Jogoo wanatoka wapi.

Anti wa Zamani
Saa 3:47

Nimefanya kazi za nyumba Nairobi miaka 11. South B, Kilimani, Donholm, mwisho Syokimau. Sasa nina kibanda changu cha mboga, kwa hivyo nitasema bila kuogopa kufukuzwa.

Nyumba nyingi nilizofanya wenyewe walikuwa wanaitana "mpenzi". Hawakugombana juu ya kazi kamwe. Kugombana juu ya nini na mimi niko? Mzee akitaka chai anamwambia mama, mama ananiambia mimi, chai inarudi kwa njia hiyo hiyo. Siku zangu za kwenda nyumbani zilikuwa zinaogopwa kuliko kodi. Nikirudi nakuta wamenuniana, vyombo vimejaa hadi chini ya sinki, na mama ananikumbatia kama dada yake. Baada ya siku mbili kukumbatia kumeisha.

Mnaongea mume na mke nani afue. Watoto wangu wawili walifuliwa na mama yangu Webuye, mwenye mgongo mbovu. Hakuna aliyefungua uzi.

Baba Wawili, umeandika "anti" mara nyingi nimeacha kuhesabu. Anaitwa nani?

Baba Wawili wa Zimma
Saa 6:20 mchana

Nimeenda kanisani nimerudi, na bado nilikuwa sijui nijibu nini.

Tunamwita Mama Sharon. Hilo la kwenye kitambulisho nimemuuliza mke wangu leo, sitaliandika hapa. Umri wake ni miaka 41, ananizidi minne, na kwetu tumekuwa tukisema "msichana wa kazi". Sharon yuko kidato cha tatu. Hilo pia nimelijua leo.

Dereva wa Mia na Moja
Saa 7:02

Mimi nataka tu kusema kuhusu likizo ya baba. Sheria inatoa wiki mbili zenye malipo, na nilizichukua mtoto wetu alipozaliwa. Siku kumi na nne nilipokea wageni sebuleni. Nikawanunulia soda, nikawaonyesha mtoto, nikawasindikiza steji. Mke wangu, mwenye mshono, alikuwa jikoni anawapikia. Nilirudi kazini nimechoka kwelikweli, na nikawaambia wenzangu kulea si mchezo.

Mwaka huu nitamwomba msamaha. Nimekuwa nikitafuta pa kuanzia.

Jogoo la Shamba
Saa 7:15

Sawa, nimewasikia. Lakini niulize kitu kwa heshima. Mimi ni fundi wa ujenzi, natoka Githurai saa kumi na moja alfajiri, nabeba simiti siku nzima, narudi saa mbili usiku mgongo umekufa. Mke wangu yuko nyumbani, hatuna anti wala hatujawahi kuwa naye. Nikirudi nioshe vyombo? Nyinyi wa ofisini mnaongea kama sisi sote tuna friji ya kubandika karatasi.

Mzee wa Thingira
Saa 7:50

Hilo ni swali la haki, kijana, na ninafurahi umeliuliza bila matusi. Ukibeba simiti na yeye akabeba maji ghorofa ngapi na mtoto mgongoni, mmelingana. Kaa ule. Lakini Jumapili yako ni siku ya kupumzika. Yake ni lini?

Jogoo la Shamba
Saa 8:03

Jumapili ndiyo hufua.

Acha nifikirie.

Baba Wawili wa Zimma
Ijumaa, saa 2:45 usiku

Nimerudi na ripoti, maana wengine mmeniandikia pembeni mkiuliza.

Nilipewa namba. Nikampigia Mama Sharon mimi mwenyewe. Aliposikia sauti yangu alidhani kuna mtoto amekufa, kwa sababu miaka sita sijawahi kumpigia. Nilimwambia watoto wazima, nikamtakia mwaka mpya, nikamuuliza habari za Sharon. Kukawa kimya kirefu. Halafu akasema anakuja tarehe 19, alikuwa amemwambia mke wangu tangu Novemba, na mke wangu anasema alinieleza nikiwa natazama mpira. Sina utetezi.

Mshahara tumekubaliana 17,000, Jumapili yake, na likizo ya siku zake 21 kila mwaka. Hizo 6,000 za kuongeza zimetoka kwenye kifurushi changu cha televisheni na nyama choma za Ijumaa, na msinililie.

Nilidhani hapo mambo yamekwisha. Mke wangu akaniuliza, "Akirudi, ile karatasi inabanduliwa?" Nilitaka kusema ndiyo. Namshukuru Wakili, nilikumbuka kunyamaza.

Kwa hiyo tuligawana, wiki hii tukajaribu. Mimi nimechukua maji, asubuhi yote ya shule, na soko la Jumamosi. Kuchukua maana yake hakuna anayenikumbusha. Jumanne nililala, mapipa yakabaki matupu, nikanunua mitungi kumi ya lita ishirini kwa mkokoteni na kupandisha moja moja hadi ghorofa ya nne. Kijana wa mkokoteni alinisaidia miwili akaniambia, "Mzee, kwani mama hayuko?" Jumatano nilimpeleka mtoto na nguo za michezo, kumbe michezo ni Alhamisi. Mwalimu akaniweka kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Tuko 38, mwanamume ni mimi pekee, na kila ujumbe unaanza "Hamjambo akina mama." Nimekuwa nikijibu "Hatujambo." Juzi waliagizwa waje na makasha ya maziwa na uzi wa katani kwa kazi ya mikono, taarifa ikaingia saa tatu usiku. Nilizunguka maduka ya Zimma yote nikitafuta katani, nikaelewa kwa nini mke wangu huwa anashika simu kitandani hata tukiwa tumezima taa. Nilidhani anachati.

Ugomvi bado upo. Jana tumevutana kuhusu pasi: mimi nasema shati la ndani ya sweta halihitaji kupigwa nyuma, yeye anasema majirani wataona ni yeye mchafu, si mimi. Hapo sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Shati likiwa na kunyanzi hakuna mtu Zimmerman atasema baba yake yuko wapi.

Muuguzi wa Usiku
Saa 3:01

Pasi je, mmekubaliana?

Baba Wawili wa Zimma
Saa 3:09

Napiga mbele na nyuma. Mikono bado tunajadiliana.

Nalala mapema, kuamka ni saa tisa. Leo ni zamu ya maji.